Matuta ya Mwezi wa Tano

Kwetu Lubumbashi mwaka una nyakati mbili. Mvua kwa kawaida inaanza mwezi wa kumi na moja na inakatika mwezi wa nne. Kinachobaki ni kiangazi. Mgeni akisikia neno hilo anafikiri joto, kumbe mwanzo wa kiangazi chetu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba usiku joto linaweza kushuka chini ya digrii 10, na asubuhi watoto wote wanaizunguka mbabula. Mahindi yamekwisha kuvunwa, shamba la mbali limepumzika. Ndipo kazi ya parseli inaanza. Katika kurasa hizi tunapenda kusema juu ya kazi hiyo, pamoja na kazi ndogo za mikono na michezo inayofuatana nayo, kwa maana tunaona ni desturi kamili sawa na ngoma na ndoa, hata kama hakuna mtu anayeivalia nguo za sikukuu.

Jambo hili si la jana. Kabla mji haujajengwa mwaka 1910, wazee wetu wa Katanga waliokuwa wakiyeyusha shaba walingojea mavuno yaishe na mvua ikatike, ndipo walipopanda kwenye machimbo. Kwa hiyo kiangazi kilikuwa tangu zamani wakati wa kazi ya pili, kazi ya mikono baada ya kazi ya shamba. Watu walipokuja mjini kutafuta mshahara, waliendelea na hesabu hiyohiyo, lakini ndani ya parseli.

Majina ya mboga yenyewe yanatueleza nani alikuja. Kibwabwa, yaani majani ya maboga, na lumanda ni maneno tuliyopokea kwa Wabemba. Ngai-ngai tumeipata kwa wasemaji wa Lingala. Matembele yanajulikana kwa jina hilohilo mpaka pwani ya Tanzania. Mtu anayetaka kujifunza historia ya mji wetu asiingie maktaba peke yake. Apite pia sokoni, mbele ya meza ya mama anayeuza mboga za majani.

Kwetu nyumbani tulikuwa watoto saba, na mwezi wa tano kila mmoja alijua kazi yake. Wakubwa walilima matuta, ambayo wengi tunaita platibandi. Wadogo tulichota maji kisimani. Nkambo alikuwa mlinzi wa mbegu: alizifunga ndani ya kitambaa pamoja na majivu ili wadudu wasiziguse. Mbegu ya lengalenga ni ndogo sana, tena nyepesi. Kwa hiyo aliichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuimwaga, isije ikaota yote mahali pamoja. Baada ya wiki tatu au ine tulikuwa tunakula. Matembele hayakuwa na shida, ni kukata vipande vya mashina na kuvichomeka vikiwa vimelala kidogo. Nyanya ndiyo ilikuwa na maringo. Ilianzia kitaluni chini ya kivuli cha majani makavu, kisha tukaihamisha jioni, kamwe si mchana. Nkambo akikukuta na arozwari jua likiwa kichwani, alikuita tangu mbali: “We mutoto, unapikia nani supu?”

Arozwari ikiisha kuwekwa chini, giza linaingia mapema, na baridi inawakusanya watu. Yaya wetu alifuma kofia na soksi kwa uzi aliofumua kwenye trikoo za zamani. Baba na jirani walicheza kisolo, mashimo yakiwa yamechimbwa palepale uani, na kokoto zikiwa ndiyo kete. Sisi wadogo tulibambua karanga na kusikiliza hadithi. Hakuna aliyesema tunafundishwa. Lakini kuhesabu tulijifunzia kwenye kisolo, na kungoja tulijifunzia kwenye kitalu cha nyanya.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Mwezi wa kumi mwaka 1991 mji wetu uliporwa, maduka yakabaki kuta. Mishahara ikawa jina tu. Ile matuta ambayo ilikuwa ya kujifurahisha na ya kuongeza ladha kwenye bukari, ikawa chakula chenyewe. Mama alifunga lengalenga mafungu mafungu, na mafungu hayo yakalipa minervali. Tunaposema kwamba diploma yetu ya ISP ilimwagiliwa maji asubuhi na jioni, hatufanyi mzaha.

Leo sisi ni walimu wa sekondari. Mwaka uliopita tuliwaomba wanafunzi wetu walete kila mmoja jani moja la mboga na jina lake. Sombe na lengalenga walizijua wengi. Lumanda waliitaja watatu tu. Hatuwalaumu: parseli nyingi zimegawanywa, pale palipokuwa na matuta sasa kuna nyumba ya kupangisha, na simu imechukua nafasi ya kisolo. Jina likipotea, mbegu inafuata, kwa sababu hakuna anayetunza kitu asichoweza kukiita.

Lakini kuna neno lingine ambalo mwenye kupenda desturi hana budi kulisema, hata kama linauma. Kuanzia mwaka 1911 shaba iliyeyushwa katika mji huu kwa miaka mingi. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, na kwa miaka mingi umepeleka moshi na vumbi upande mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo na mboga, wakakuta mahali pengine shaba, risasi na kadmiamu kupita kiasi. Mboga za majani ndizo zinazovuta sana. Parseli ya wazazi wetu iko upande huo wa upepo.

Ilibidi kumwambia mama. Tulikwenda siku ya Mungu, tukakaa naye penye matuta.

“Mama, ba chuo kikuu banasema huu udongo iko na sumu.”

Alinyamaza kwanza, akaendelea kung’oa magugu. Kisha akasema: “Huu udongo njo ilikukomalisha weye.”

Tungejibu nini? Ni kweli. Hatukuongeza neno siku ile. Tulirudi mara tatu, na mara ya tatu ni yeye aliyeuliza: “Sasa banasema tufanye nini?” Tukamweleza. Chokaa inapunguza ukali wa udongo, na metali hizo haziingii sana kwenye mizizi. Mbolea iliyooza vizuri inasaidia pia. Iliyo bora zaidi ni kuinua tuta kwa udongo uliotoka mahali safi, na kuosha majani kwa maji mengi ili vumbi litoke. Alifikiri, akajibu: “Mulete ule udongo. Lakini matuta haiachwake.”

Mwezi wa tano huu tulileta mikokoteni mine. Wajukuu walisukuma, mama alisimamia, na mbegu zilitoka ndani ya kitambaa kilekile chenye majivu.

Ndugu msomaji, desturi si kupanda pale baba alipopanda hata kama pameharibika. Wazee wetu wenyewe walihama shamba lilipochoka, na hakuna aliyewaita wasaliti. Kinachorithiwa ni mbegu, majina, saa ya kumwagilia, na ile jioni ya kukaa pamoja. Kama una hatua tano tu za uwanja, au hata gunia moja la udongo mbele ya mlango, mpe mtoto wako kopo la maji na umtajie jina la anachokinywesha. Mvua itarudi mwezi wa kumi na moja. Mpaka hapo, maji ni juu yetu.