Mwandiko Ni Wangu

Katika daftari la kamati yetu kuna sentensi moja ya uongo, na mwandiko ni wangu. Inasema kabati la vitabu lilianguka kwa sababu fundi alipiga misumari mahali palipotaka vifungio vyake. Misumari aliipiga, hilo ni kweli. Sentensi haisemi nani aliyemwamuru aipige. Ni mimi, katibu wa kamati hiyo.

Tunaishi Lukenya, upande unaotazama Barabara ya Mombasa, ambako malori hayakatiki usiku wala mchana. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kamati yetu ilipopata chumba cha watoto kusomea, ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa ikihama ilitupatia makabati matano ya vitabu. Yalikuwa yale ya boksi, yanayonunuliwa yakiwa mbao bapa na kuunganishwa nyumbani. Yalifunguliwa, yakapakiwa kwenye pikapu, na kikopo cha vifaa vyake ama kilisahaulika huko ama kilianguka njiani. Tukabaki na mbao zenye matundu, pamoja na kifungio kimoja cha chuma kilichokwama ndani ya ubao.

Fundi tuliyemwita ni mzee wa Wamunyu. Anayeijua Ukambani anajua maana yake. Wamunyu ndiko alikotoka Mutisya Munge, aliyerudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa kuchonga vinyago, na wachongaji wa kwao wakaupeleka mpaka Changamwe, Mombasa. Mzee wetu aliugonga ubao kwa kidole, akachungulia matundu moja baada ya jingine.

"Mwalimu, hii si mbao," akasema. "Ni makapi ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi. Msumari hauna pa kushika humu. Nipe siku tatu. Vigingi nitachonga mwenyewe, hivi vya chuma nivitafute Nairobi. Matundu yaliyochakaa nitayaziba kwa mti mgumu na gundi, yakauke, ndipo nitoboe upya."

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi tulikuwa na wageni wa ufunguzi, na mialiko nilikuwa nimeigawa mimi. Nikamwambia vipuri vya vitu vya ng'ambo havipatikani, asipoteze nauli. Apige misumari. Akaomba basi angalau makabati yafungwe ukutani kwa vyuma vya pembe. Nikakataa hilo pia, maana ukuta ulikuwa umepakwa rangi juzi yake. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, Mwalimu," akachukua nyundo.

Wageni walipiga makofi. Kwa wiki mbili kila alasiri chumba kilijaa watoto, nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba mzee alikuwa na woga tu wa kazi. Jumanne moja, mnamo saa kumi jioni, kabati la tatu liliegemea upande, misumari ikachomoka kwenye ubao kama inavyochomoka kwenye mkate, na kabati likaanguka na vitabu vyake vyote. Mtoto wa miaka minane alivunjika kidole cha mguu. Nilimfikisha hospitali mimi, na mama yake alipokuja alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Nilizipokea shukrani zile. Kuzipokea huko ndilo kosa langu la pili.

La tatu nililifanya kwenye mkutano. Mjumbe mmoja alisema fundi ni wa ovyo, mwingine akaunga mkono, na mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matano tu: mimi ndiye niliyemwambia apige misumari. Nikainamisha kichwa nikaandika walichosema wao. Fundi aliitwa, akasomewa, akaulizwa kama ana la kujitetea. "Mwalimu anajua," akajibu. Wajumbe wakadhani ana maana kwamba najua alivyokosea. Salio lake la shilingi 4,500 likazuiwa. Huku kwetu nyumba zinajengwa kila kona na mafundi huajiriwa kwa kuulizana. Habari ikazunguka, simu zake zikanyamaza.

Mwezi uliofuata nilikwenda Nairobi na kile kifungio kimoja nimekifunga kwenye leso. Nilijiambia naenda kutafuta vipuri. Ukweli ni kwamba nilitaka kuhakikishiwa kwamba havipo, ili nipate usingizi. Katika duka la vifaa vya samani kijana mmoja alikiweka juu ya rula. "Kumi na tano. Mama, unataka vingapi?" Akavuta sanduku lililojaa. Sikukaa dukani nusu saa.

Nilimuuliza amejuaje bila kujua kabati limetoka wapi. Akanieleza kwamba viwanda vingi vya samani za boksi vinafuata vipimo vilivyoanzia Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia: matundu ya kubebea rafu yana kipenyo cha milimita 5 na yanaachana kwa milimita 32. Kifungio cha duara aghalabu ni cha milimita 15, na kigingi cha mbao ni cha 8. Pini inaingia ubao mmoja, kichwa chake kinapenya kwenye ubao wa pili, unakizungusha kifungio kwa bisibisi nacho kinaivuta pini mpaka mbao zinabanana. Kwa hiyo aliyepoteza kikopo chake hajapoteza kabati. Apime unene wa ubao, kwa kawaida milimita 16 au 18, achukue kipande kimoja cha mfano, aende dukani. Mambo ambayo mzee aliyaona kwa macho siku ile ya Alhamisi.

Na vile vyuma vya ukutani nilivyovikataa? Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliondoa sokoni Marekani makabati ya nguo milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo, na suluhisho mojawapo lilikuwa kuyafunga ukutani. Nilisoma habari hiyo usiku, peke yangu, nikakumbuka rangi yangu mpya.

Niliomba mkutano nikayasema yote. Chini ya sentensi ile ya daftari nimeandika masahihisho na kutia sahihi. Mama wa mtoto nilimwambia uso kwa uso. Alikaa kimya muda mrefu, na sina haki ya kumdai neno. Kisha nikapanda matatu ya Machakos, nikapita Masii hadi Wamunyu, mkononi nina shilingi 4,500 kutoka kwenye pensheni yangu.

Mzee alinikaribisha, akaagiza nipewe maji. Aliuliza kwanza kama mtoto amepona. Nilipomaliza kuomba radhi alizihesabu pesa, akazitia mfukoni, akasema, "Pesa umeniletea, Mwalimu. Jina langu umeliacha Lukenya."

Alirudi kuyafunga makabati yote matano. Vigingi alivichonga mwenyewe, vyuma viko ukutani, na rangi ina matundu kumi. Lakini simu zake bado hazijarudi kama zamani, kwa sababu habari niliyoiacha izunguke ilizunguka mbali kuliko mkutano wetu.

Wewe uliye Lukenya, Katani au Athi River, uliyeambiwa usimpe kazi mzee wa Wamunyu kwa kuwa kabati lake liliangukia mtoto: misumari ile niliiamuru mimi. Yeye aliomba siku tatu, nikamnyima. Nakuomba umpigie simu.