Dirisha la Treni ya Kigoma

Miaka ile ya themanini stesheni ya Kigoma ilinuka dagaa na mawese. Jioni, treni ilipokaribia kuondoka, moshi wa dizeli ulijichanganya humo mpaka macho yakawasha. Jengo kubwa la Wajerumani lilisimama likitazama Ziwa Tanganyika, na mbele yake wachukuzi walipitisha magunia juu ya vichwa vya watu huku wakipiga kelele za kuomba njia. Mama alikuwa mchuuzi wa dagaa. Likizo za shule alinichukua nimsaidie kulinda mzigo hadi Dar es Salaam, na kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani, daraja la tatu, nisibanduke.

Dagaa wale niliwajua tangu wakiwa majini. Usiku wa giza wavuvi waliingia ziwani na karabai, na ukisimama Kibirizi uliona taa zao zimetapakaa mbali kama mji mwingine upande wa Kongo. Mwezi ukiwa mpevu walilala, maana mwanga wa taa hauwavuti dagaa wakati anga lote limeng'aa. Asubuhi kinamama waliwaanika mchangani, wakiwageuza kwa mkono mpaka wakauke na kung'aa kama fedha. Kalenda ya biashara ya mama, basi, ilikuwa mwezi.

Treni iliondoka, na usiku ukatukuta Uvinza. Nje hukuona kitu ila vibatari na mikono inayoinua vifurushi vya chumvi. Chumvi hiyo hutoka ardhini, katika chemchemi za maji ya chumvi ambayo watu wameyachemsha kwa kuni tangu karne nyingi kabla ya reli. Mama alinunua kila safari, ingawa Dar es Salaam kuna bahari. Alisema samaki wetu wa migebuka hawapikiki kwa chumvi nyingine. Baada ya hapo nililala, kichwa juu ya gunia, na mto Malagarasi ukapita chini yetu gizani nisiuone.

Niliamshwa na sauti za Tabora. "Maembe! Asali! Karanga!" Desemba, maembe yalijaa beseni hadi kumwagika, na ubaridi wa alfajiri ulifanya ganda lake liwe na umande. Miembe ya Tabora ni mingi kiasi cha kuufunika mji, na wenyeji husimulia kwamba ilipandwa enzi za misafara ya pwani. Asali iliuzwa kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi la hindi. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi kidogo, kwa sababu warina asali hufukuza nyuki kwa moto kwenye mizinga ya magome iliyoning'inia porini. Pori hilo la miombo tulikuwa tumelipita usiku kucha, tangu Kaliua na Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, na baada ya Tabora likaendelea tena mpaka ukachoka kutazama miti.

Kisha miti ikawa mifupi. Kufika Itigi kulikuwa na vichaka tu, vilivyosongamana hata mbuzi asipite. Jua lilikuwa utosini na behewa likawa tanuri. Manyoni, kisha Saranda, na Saranda ndiyo niliyoisubiri: kuku. Wanawake walikimbia sambamba na treni kabla haijasimama, sinia kichwani, kuku mzima wa kienyeji akiwa amekaangwa, pembeni chumvi na pilipili kwenye karatasi. Mama alipunguza bei kwa utulivu, akijua treni haina haraka. Mafuta yalichuruzika hadi kwenye viwiko vyetu. Sehemu hizo reli inashuka ukingo wa Bonde la Ufa, na ghafla dirishani pakafunguka uwanda mpana, mwekundu, wenye mibuyu na ng'ombe wembamba, na kwa mbali mabwawa ya Bahi yakimetameta.

Dodoma tulifika jioni. Safari za Agosti tulikuta zabibu zimefunikwa majani ya mzabibu ili zisinyauke. Kule hukomaa mara mbili kwa mwaka. Desemba tulikuta vumbi na wasiwasi wa mvua. Mwaka mmoja mvua ilinyesha kweli, ila haikunyesha Dodoma. Ilinyesha kwenye milima ya mbele, mto Mkondoa ukafurika, na taarifa ikapita behewa kwa behewa: reli imekatwa kati ya Gulwe na Kilosa. Tukalala hapo hapo stesheni. Akiba ya chakula iliisha. Mama akafungua gunia moja, akapima dagaa kwa kikombe, akaenda kwa kinamama wa Kigogo waliokuwa wakiuza uji nje ya uzio. "Mbukwenyi," aliwasalimu, kwa Kigogo chake cha safarini. Waliitikia wakicheka. Jioni hiyo tulikula ugali wa mtama, mlenda, na dagaa wetu wenyewe waliokaangwa kwa mafuta yetu ya mawese, na nyuma ya mabehewa mzee mmoja akapiga zeze. Mama mmoja wa Kigogo alilamba kidole chenye mawese, akauliza mafuta haya mekundu ni ya mti gani. Mchikichi hakuwahi kuuona.

Shuleni tulikariri mikoa na mazao yake: Tabora tumbaku, Dodoma zabibu, Morogoro mkonge. Yote ni kweli. Lakini orodha ile iliusimamisha kila mkoa peke yake, na mimi nilikuwa nimeona jinsi mvua ya Kilosa inavyopandisha bei ya dagaa soko la Kariakoo, Dar es Salaam.

Njia ilipofunguka tulipita Kilosa polepole, matope yakiwa bado kwenye mataruma. Kimamba, safu za mkonge zilinyooka hadi mwisho wa macho. Morogoro hewa ilibadilika. Ilikuwa na unyevu na harufu ya ndizi mbivu, na juu yake Uluguru imefunikwa mawingu. Mto Ruvu huanzia milima hiyo, na maji yake ndiyo hunywewa Dar es Salaam. Kutoka hapo nilianza kunusa pwani: minazi, joto, jasho. Mama alihesabu magunia, akajifunga kanga upya, akaniambia nisimwachie mtu mzigo.

Treni ya umeme ilianza kupeleka abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na safari iliyotuchukua usiku kucha sasa ni ya saa chache. Nimeipanda na nimefurahi nayo. Mama angeipenda kwa ajili ya dagaa wake. Ila treni ya zamani bado inakwenda Kigoma. Ukiwa na mtoto anayekariri mikoa, mpandishe hiyo angalau mara moja, mkae upande wa dirisha, na ubebe fedha ndogondogo za Saranda.