Kuondoa Gari na Haki ya Njia



Himidi zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, Aali zake na Sahaba zake. Wiki hii tumependa kuzungumza na jamaa zetu, hususan mama zetu na mabinti zetu, juu ya jambo ambalo huenda wengine wakastaajabu kuliona katika ukurasa huu: jinsi ya kuondoa gari kwa salama penye msongamano wa mji.

Katika nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Likoni hadi Msambweni, mama ndiye apelekaye watoto chuoni na shuleni, na ndiye amfikishaye mzee hospitalini. Nyumba yetu ni miongoni mwazo. Mama wa watoto huhudhuria kliniki Msambweni kila mwezi, nasi aghalabu huwa tumeshikwa na darsa. Binti yetu alipoomba ajifunze udereva, tuliridhia. Wanaodhani kuwa usukani haumfai mwanamke na wakumbuke kwamba wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) walipanda ngamia, na kwamba hata Saudi Arabia, iliyokuwa ikizuia jambo hili, iliwaruhusu wanawake kuendesha tangu tarehe 24 Juni 2018.

Mwalimu wake alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Mara kadhaa tulipewa nafasi ya kukaa kiti cha nyuma, na tuliyoyaona kutoka kiti hicho ndiyo tuyaandikayo.

Masomo ya kwanza yalikuwa juu ya ule ubao mkubwa uliochorwa mji, ambapo mwanafunzi husukuma kigari kwa mkono na kueleza sheria. Ubaoni mambo huwa mepesi, kwani kigari cha mkononi hakizimiki wala hakipigiwi honi. Ukunda ni mji mwingine. Matatu za Likoni husimama ghafla kupakia, tuktuk za Diani huingia barabara kuu, na bodaboda hupita kulia na kushoto kwa wakati mmoja.

Gari likiwa limeegeshwa ukingoni, kushoto mwa barabara, mwalimu alimfundisha utaratibu ambao hakumruhusu kuupunguza hata mara moja. Kwanza kiti na vioo viwe sawa, na mkanda ufungwe. Kisha akanyage klachi, atie gia ya kwanza, huku breki ya mkono ikiwa bado imevutwa. Aachie klachi polepole, akikanyaga mafuta kidogo, mpaka mngurumo wa injini ubadilike na gari litikisike kama linalotaka kwenda. Hapo mguu utulie. Atazame kioo cha ndani, kisha kioo cha kulia, awashe taa ya ishara, na mwisho ageuze kichwa atazame nyuma ya bega lake la kulia. Pana mahali ambapo kioo hakionyeshi, na bodaboda huenea hapo mzima mzima. Njia ikiwa wazi, ndipo aiachie breki ya mkono na gari liondoke. Mwenye gari lisilo na klachi naye ana wajibu huo huo wa kutazama, tena asisahau kwamba gari lake huanza kutambaa lenyewe pindi anapoinua mguu kwenye breki.

Siku moja, pale barabara ya Diani inapokutana na barabara kuu, gari lilimzimikia. Honi zikaanza nyuma yetu, moja ikawa tatu, tatu zikawa nyingi. Binti akaona haya. Akawasha upesi, akatia gia, na mkono wake ukaenda kwenye breki bila kutazama popote. Mwalimu akaushika mkono ule.

"Wananipigia honi, mwalimu," akasema binti yetu, sauti ikitetemeka.

"Honi haina macho, mwanangu. Macho unayo wewe. Tazama tena."

Akageuza kichwa. Wakati huo huo ikapita bodaboda upande wa kulia, karibu mno, imembeba mama na mtoto mchanga mgongoni.

Tangu siku hiyo tumelitafakari jambo hili. Katika elimu ya tajwidi tunafundisha waqfu na ibtidaa, yaani kusimama na kuanza. Msomaji aliyekatikiwa pumzi haanzi tena popote apendapo. Hutafuta mahali panapofaa, maana akianza vibaya huenda akaharibu maana ya Aya nzima. Gari lililozimika ni hivyo hivyo. Vuta breki ya mkono, rudisha gia huru, washa, kisha tazama upya. Kutazama kwa mwanzo kulikwisha pale gari liliposimama, na barabara imekwisha badilika. Kumbuka pia kwamba gari linaloondoka halina haki juu ya lile lililomo mwendoni. Ni juu yako kungoja.

Haya ni katika imani, lakini haya ya kuwaogopa wapiga honi, hata ukahatarisha roho ya mtu, haimo humo.

Utaratibu huu una uzito zaidi penye mteremko. Barabara ya kutoka Kombani kupanda Kwale itakufundisha breki ya mkono kuliko mwalimu yeyote. Na Likoni sote twapajua. Tarehe 29 Septemba 2019 gari moja liliteleza kinyumenyume kutoka ndani ya feri likazama mkondoni, na mama mmoja na binti yake mdogo wakafariki. Gari halikuopolewa hadi tarehe 11 Oktoba. Si kazi yetu kuihukumu sababu yake. Twawaombea walioachwa faraja. Lakini yeyote anayeingia feri na avute breki ya mkono barabara, azime injini, na aliache gari ndani ya gia, au kwenye alama ya P ikiwa halina klachi. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee.

Neno la mwisho ni kwenu, akina baba, na kwetu pia. Ukiiona herufi L nyekundu mbele yako, ondoa mkono kwenye honi. Kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani, na kumsukuma mwanafunzi aingie penye hatari ni kuutia udhia huo. Yule aliye mbele huenda ni binti wa jirani yako, anajifunza ili ampeleke mamake hospitali.

Nanyi mabinti zetu, someni dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Suratul Zukhruf, Aya ya 13 na 14, kabla ya kugusa ufunguo. Kisha tazameni. Mkishatazama, tazameni tena.

Mwenyezi Mungu awalinde wote walio njiani. Amin.