Debe la Makoongwe



Wapendwa katika Kristo, juma hili nilisoma habari za Robert Foulis, Mskoti aliyehamia Kanada. Mwaka 1859 honi ya ukungu aliyoibuni, iendeshwayo kwa mvuke, ilifungwa katika kisiwa cha Partridge, mbele ya bandari ya Saint John, palipokuwa na mnara wa taa. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa ukungu alimsikia binti yake akipiga kinanda kwa mbali, na sauti nzito ndizo zilizomfikia. Nyembamba zilipotea njiani. Ndiyo maana honi hizo hunguruma. Foulis hakuandikisha haki ya uvumbuzi wake, akafa maskini mwaka 1866.

Kwetu Pemba ukungu si tishio. Mnara wa chuma wa Ras Kigomasha, wa mwaka 1900, ulijengwa kwa ajili ya taa. Lakini aliyevuka kutoka Mkoani kwenda Makoongwe wakati wa masika anajua jinsi mvua inavyofuta kisiwa kizima mbele ya macho.

Masika mmoja niliitwa huko kumpaka mafuta mgonjwa, mwalimu kutoka bara. Nahodha alikuwa tayari. Mimi nilisema tungoje mvua ipungue. (Mvuko wenyewe ni mfupi, niseme tu kwamba niliogopa.) Tulipoondoka, mvua ilirudi kwa nguvu, hata omo ya mashua hatukuiona. Nahodha akazima mashine.

“Padri, nyamaza kidogo, tusikilize.”

Nilikuwa nikisali kwa sauti. Nikanyamaza. Ndipo tukasikia debe: mapigo matatu, kimya, mapigo matatu tena. Tukalifuata.

Pwani alisimama bi mkubwa mmoja, Mwislamu, jirani wa mgonjwa, kanga imemgandama mwilini kwa maji. Nilimwamkia, nikamwuliza amepiga kwa muda gani.

“Tangu adhuhuri, mwanangu. Sikujua mtatoka saa ngapi.”

Magharibi ilikuwa imekaribia.

Mgonjwa alipokea mafuta matakatifu. Komunyo hakuweza tena kuimeza. Alifariki usiku uleule. Mkewe alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kuja katika hali ya hewa ile. Sikumwambia kwamba kwa zaidi ya saa tatu nilikuwa nimeketi bandarini chini ya paa la bati, nikitazama mvua.

Wenu katika Kristo,
Paroko