Kibuyu cha Mama na Kilima cha Pimbi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akiisha kuipita Gilgil na kuliona ziwa la Elmenteita upande wake wa kushoto, huwaza kufika mjini tu, wala hajui ya kuwa anapita katikati ya ghala kubwa la mambo ya kale. Karibu na barabara ipo Kariandusi, ambako Louis Leakey aligundua mnamo 1928 mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu walioishi miaka mamia ya maelfu iliyopita. Na mbele, kabla hajaingia mjini, kipo kilima kidogo chenye majabali na miti, kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi.

Mimi ni karani wa serikali hapa Nakuru. Kwa muda wa miaka kumi nimekuwa nikikipita kilima hicho ndani ya matatu, bila kukipanda hata siku moja. Kilichonipandisha ni kibuyu cha mama yangu.

Ilikuwa hivi. Chuo kimoja cha huku kwetu kinatayarisha maonyesho ya sanaa na desturi za watu wa Bonde la Ufa, na wenye kuyatayarisha wameomba watu waazime vitu vya kale vilivyomo majumbani. Jina langu likaandikwa katika orodha ya wasaidizi, maana karani hakosi kazi ya kuandika. Basi Jumamosi nikaenda nyumbani upande wa Rongai, nikijua kabisa nitakachokileta. Mama anacho kibuyu cha maziwa, ambacho sisi twakiita sotet, chenye mfuniko wa ngozi na simbi zilizoshonwa shingoni. Hakuna aliyekizidi umri katika boma letu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "La, mwanangu."

Nikastaajabu, kwa kuwa mama si mchoyo. Ndipo akanikumbusha kwamba alikwisha kuazimwa kibuyu kingine zamani, nilipokuwa ningali shuleni. Kilikaa mezani siku tatu, watu wakakitazama. Kiliporudi kilikuwa na ufa, tena kimebandikwa kijikaratasi chenye maneno mawili tu: "Kibuyu. Kalenjin."

"Ufa niliusamehe," akasema mama. "Kibuyu ni kibuyu, huvunjika. Lakini lile karatasi! Waliandika kabila zima, wakaniacha mimi niliyekiosha miaka ishirini, na nyanya yako aliyekipanda."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba tufuatane kwanza tukaone jinsi vitu vinavyotunzwa mahali palipozoea kazi hiyo. Akakubali, na wanangu wawili wakasema hawaachwi nyuma na kogo wao.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Kilima cha Pimbi. Makumbusho yake ni madogo, yamo katika nyumba iliyokuwa ya shamba la mlowezi, nayo yalifunguliwa mwaka 1965. Lakini kazi ya kuchimba ilianza mapema zaidi, kwani Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, na kilima kikawekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1943. Zamani sana, maji ya ziwa Nakuru yalipokuwa juu mno kuliko leo, kilima hiki kilikuwa kama rasi iliyoingia ziwani. Jambo hilo si gumu kulisadiki kwa mtu wa Nakuru, ambaye katika miaka hii ya karibuni ameliona ziwa likipanda na kufunika miti na njia.

Tukapanda polepole, mama akitangulia. Tukafika penye mashimo mapana ya duara yaliyoota majani, yaitwayo mashimo ya Wasirikwa. Mama alisimama ukingoni, akatazama upande wa chini palipo na mlango, na lile tuta la udongo lililo mbele yake. Kabla sijasoma neno lolote akasema, "Hili ni zizi. Ng'ombe waliingilia pale, na samadi ikasukumwa nje ikalundikana hapa."

Wasomaji, hapo zamani wataalamu waliochimba mashimo ya namna hii walidhani ni nyumba za watu. Ilipita miaka mingi ndipo mtaalamu John Sutton alipoonyesha ya kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na watu waliishi katika vibanda vilivyojengwa kando. Mama yangu hakusoma kitabu hata kimoja cha mambo ya kale, lakini amefagia zizi tangu utoto wake. Nilijiuliza moyoni ni mambo mangapi mengine yangefahamika mapema kama wazee wangeulizwa.

Tukaona pia mabao yaliyochongwa katika mwamba, ambapo watu wa kale walikaa wakicheza bao kama wazee wachezavyo leo vibarazani. Wanangu wakajaribu kucheza kwa vijiwe mpaka nikawakataza. Kisha tukafika palipofukuliwa makaburi ya watu wa kale zaidi, waliotangulia wale wa mazizi. Wanawake walizikwa pamoja na vyombo vyao vya mawe, lakini wanaume hawakuzikwa na vyombo hivyo.

Mama akacheka kidogo. "Hawa walikuwa na akili," akasema. "Walikwenda na vyombo vyao ili mtu asije kuviazima."

Lakini tuliporudi chini hakucheka tena. Aliniuliza wanawake wale walikuwa wakiitwa nani. Nikamjibu kwamba hapana ajuaye majina yao, wala lugha waliyosema. Akanyamaza mpaka tulipofika barabarani.

Kwa kuwa jua lilikuwa bado juu, tukapanda gari kwenda Njoro kuliona jumba la Lord Egerton, ambalo leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Egerton na hupokea wageni. Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938 na likamalizika mwaka 1954. Yeye ndiye aliyetoa ardhi ya shule ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa walowezi. Baadaye shule hiyo ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Bwana huyo alifariki mwaka 1958, hana mke wala mtoto. Husimuliwa sana kwamba hakutaka mwanamke akanyage kwake. Basi siku hiyo mama alipita katika mlango mkubwa, akavikagua vyumba kimoja kimoja kama mwenye nyumba.

Tulipotoka nje aliugusa ukuta, akaniuliza, "Jina la mwenye nyumba tumelisikia kila mahali. Na waliochonga mawe haya?"

Kwa mara ya pili siku ile nikakosa jibu.

Ndipo nikamweleza habari ya pango lililo karibu na mto Njoro, ambalo Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938. Humo walikuta mabaki ya watu wengi waliochomwa moto baada ya kufa, yapata miaka 3,000 iliyopita, pamoja na shanga na bakuli za mawe. Tena walikuta mabaki ya kibuyu kilichogeuka mkaa, na kwa kugeuka mkaa ndiyo maana hakikuoza.

"Kibuyu?" akauliza mama. "Miaka elfu tatu, hapa hapa Njoro?"

"Naam, mama."

Akafikiri. Mwisho akasema, "Nitakitoa. Lakini wewe ni karani. Utaandika nitakayokuambia, yote, wala hutapunguza."

Usiku ule nikaketi naye jikoni na daftari. Nikaandika jina la nyanya yangu, mzaa baba, aliyepanda mbegu ya mbuyu huo kando ya boma, na jinsi alivyoukausha na kuutoboa. Nikaandika kwamba husafishwa kwa ufito uitwao sosiot, na ya kuwa mkaa wa kuupaka ndani hutoka katika mti wa senetwet, ili maziwa yapate ladha na yasiharibike upesi. Nikaandika kwamba simbi zile zilitoka pwani, zikapita mikono mingi mpaka kutufikia sisi tusioijua bahari. Mwisho nikaandika jina la mama. Kurasa nne zilijaa. Katika ukarani wangu wote sijapata kuandika waraka ulionipasa kuangalia hivi nisikosee neno.

Nilipowapelekea wenye maonyesho, mmoja alisema kwamba karatasi ni ndefu mno kwa kibuyu kimoja. Nikamwambia kwa adabu kwamba vitu hivi viwili havitengani. Wakiirudisha karatasi, narudi na kibuyu. Wakapokea vyote.

Basi, ndugu wasomaji, maonyesho ya namna hii yanazidi kufanyika katika vyuo na makumbusho yetu, nayo ni mazuri. Mkulima akiinua kwa jembe jiwe lililochongwa au chungu cha kale, asikitupe wala asikiuze njiani, kwani sheria ya mwaka 2006 inamtaka atoe taarifa. Na mwenye kuombwa kitu cha nyumbani asikitoe kikiwa bubu. Ninyi mnaojua kuandika, ketini na mama zenu wakingali wanasema. Wale wanawake wa Kilima cha Pimbi walitunza bakuli zao mpaka kaburini, na bakuli zimebaki. Majina yao hayakupata karani.