Mbwa wa Kazi na Vitamini Zake

Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ndivyo ilivyo kwa mbwa wa kazi. Yule alindaye boma usiku kucha, yule afuatanaye na mchungaji tangu alfajiri hata jioni, na yule wa polisi anusaye nyayo za mwizi, wote hupata nguvu zao katika chakula. Lakini katika nyumba nyingi mbwa hudaiwa kazi ya askari, na mshahara wake ni makoko ya ugali.

Hasara ya posho hiyo imejulikana tangu zamani. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, maskini waliokula mahindi karibu peke yake walipatwa na ugonjwa wa pelagra. Mbwa waliolishwa vivyo hivyo walipatwa na ugonjwa wa ulimi mweusi: kinywa hufanya vidonda, mnyama hukataa chakula, na mwisho hufa. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaponya mbwa wa namna hiyo kwa niasini, vitamini ipatikanayo katika nyama, samaki na maini. Punde si punde wanadamu wenye pelagra nao wakaponywa kwa dawa ile ile.

Kabla ya hapo, huko Uingereza, Edward Mellanby alikuwa amewalisha watoto wa mbwa chakula cha nafaka na kuwafungia ndani. Wakapata matege, na wale waliopewa mafuta ya ini la samaki wakasalimika. Leo yajulikana kwamba ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha kwa nguvu za jua, kama ifanyavyo ngozi ya mtu. Lazima aipate katika chakula. Vitamini C, kinyume chake, mbwa mzima hujitengenezea mwenyewe katika ini lake.

Hutokea mwenye mbwa, aonapo mnyama wake amekonda, kukimbilia dukani kununua vidonge. Afadhali angekumbuka kwamba vitamini A na D zikizidi hazitoki upesi kwa mkojo, bali hulimbikizwa mwilini. A ikizidi huumiza mifupa. D ikizidi huharibu mafigo. Mwaka 1913, katika barafu ya Antaktika, Xavier Mertz alikufa baada ya yeye na Douglas Mawson kuishiwa na chakula na kula mbwa wao, pamoja na maini yao. Wataalamu wengi hudhani kwamba vitamini A ya maini yale ilichangia kifo chake.

Mbwa mwenye shughuli nyingi huhitaji kwanza chakula kingi zaidi, chenye nyama na mafuta. Wale wakokotao sileji katika mashindano marefu ya Alaska hula kalori zipatazo 10,000 kwa siku. Mbwa wa boma hahitaji kiasi hicho. Lakini ugali wake utiwe dagaa, yai lililopikwa au matumbo yaliyochemshwa vizuri, kwa kuwa matumbo mabichi huleta tegu. Ini apewe kidogo tu. Alaye chakula cha dukani kilichotengenezwa kamili huwa amekwisha kupata vitamini zake. Vidonge vingojee shauri la daktari wa wanyama.

Mbwa hawezi kudai haki yake barazani. Amtumiaye ndiye apaswaye kuchungulia sahani yake kabla ya kumlaumu kwa uvivu.