Mtihani Hausubiri Joho

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kugombana. Moja yasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nyingine yasema, haraka haraka haina baraka. Mzazi mwenye mtoto aliye mwaka wa mwisho wa chuo kikuu huzihitaji zote mbili, mradi ajue ipi ya kutumia wapi.

Katika mtaa wa Kacyiru, jijini Kigali, iko familia moja iliyokaa na jambo hili kwa miezi kadhaa. Binti wao alikuwa akimalizia shahada ya kwanza katika Chuo cha Biashara na Uchumi cha Chuo Kikuu cha Rwanda, kule Gikondo. Alitaka kufanya GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara duniani huutumia kuwapima wanaoomba shahada ya uzamili. Baba yake hakukubali.

"Maliza kwanza, mwanangu," alimwambia. "Cheti kikiwa mkononi, ndipo tuzungumze habari ya mtihani."

Mzee huyo hakuwa na nia mbaya. Yeye alisoma kwa Kifaransa, kabla Serikali ya Rwanda haijaamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Katika usomi alioujua, kila mlango ulidai cheti cha mlango uliotangulia. Isitoshe, ada ya mtihani huo huhesabiwa kwa dola, na yeye mshahara wake ni wa faranga. Fedha hiyo ingeweza kuwa karo ya wadogo wa binti huyo, na karo haina mzaha.

Lakini mama alikuwa na kumbukumbu nyingine. Kaka mkubwa wa binti huyo alikwisha kuipita njia hiyo ya kungoja. Alingoja matokeo, akangoja mahafali, akangoja cheti. Kilipofika, alikuwa ameajiriwa. Akirudi jioni amechoka, na hesabu alizokuwa akizifumbua kwa dakika mbili zimemtoka kichwani. Vitabu vya mtihani vikabaki juu ya kabati. Hapana aliyemkataza kuufanya mapema. Ila hapana pia aliyemwambia kwamba inawezekana.

"Baba Fulani," mama alisema kwa upole, "huyu wa kwanza tulimngojesha. Na huyu naye?"

Ndipo ilipobidi jambo lenyewe lichunguzwe, na ikadhihirika kwamba watu wengi huchanganya mambo mawili. Kufanya mtihani ni jambo moja. Kuingia chuoni ni jambo jingine. GMAT, ambao ulianza mwaka 1954 kwa jina jingine, haumwulizi mtu shahada. Aliyetimiza miaka 18 hujiandikisha mwenyewe. Aliye chini ya umri huo huhitaji idhini ya mzazi. Cheti hudaiwa na chuo, na hudaiwa wakati wa kuingia darasani. Hata huko, vyuo vingi humpokea mwombaji wa mwaka wa mwisho kwa sharti kwamba alete uthibitisho wa kuhitimu kabla ya masomo kuanza.

Mifano haikosekani. Nchini India, mtihani wa CAT unaofungua njia ya vyuo maarufu vya usimamizi huruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa sharti hilohilo la kuhitimu. Chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, kina mpango uitwao 2+2, uliotangazwa mwaka 2007, ambao huwataka hasa wanafunzi wanaokaribia kuhitimu. Mwanafunzi hupewa nafasi, kisha huenda kufanya kazi miaka miwili hadi minne kabla ya kuanza masomo.

Jambo la faida zaidi ni kwamba alama za GMAT hudumu miaka mitano. Akiufanya mtihani Machi 2026, mwanafunzi aweza kuzitumia alama hizo hadi Machi 2031. Basi hana sababu ya kukimbilia shahada ya pili. Anaweza kuajiriwa, akapata ujuzi ambao vyuo vingi vya biashara huupenda, na kuweka akiba, huku alama zake zikimngoja. Kwa hiyo penye mtihani, ngoja ngoja huumiza matumbo. Penye kuingia chuoni, haraka haraka haina baraka.

Baba alikubali, lakini kwa masharti mawili: utafiti wa mwisho wa shahada usidhurike, na ada isilipwe mpaka binti ajipime kwa mazoezi. Masharti hayo ni ya busara. Mtihani wenyewe siku hizi una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, maswali 64 kwa jumla, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Haufanywi kwa kubahatisha. Na anayeshindwa shahada kwa kuukimbilia mtihani atakuwa na alama nzuri zisizo na pa kumpeleka.

Binti akawa anatumia Jumamosi zake katika Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa hapohapo Kacyiru mwaka 2012. Alijifunza pia tahadhari nyingine ndogo: jina la kujiandikishia lazima lilingane na lile la pasipoti. Kwa Mnyarwanda hili lina uzito, maana kwa kawaida mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba, na fomu za kigeni hudai jina la ukoo. Akikosea mpangilio, aweza kurudishwa mlangoni na ada yake ikapotea.

Yafaa basi kila mzazi mwenye mtoto wa mwaka wa mwisho aulize maswali mawili kabla ya kukataa au kukubali: mtihani unataka nini, na chuo kinataka nini? Majibu hayafanani. Anayeyatenganisha humwokolea mtoto wake miaka. Anayeyachanganya humfungia mlango ambao wenyewe hawakuufunga.